Siku Saba za Kombe na Kidonge cha Kila Siku

Assalamu alaikum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniwezesha asubuhi ya leo kukunja kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, nikakaa katika Swala, nikasoma Atahiyatu mpaka mwisho, nikatoa salamu bila kulia!

Msicheke. Au chekeni kidogo, maana watu wa Mahajanga walicheka miaka mingi kabla yenu na mimi nimeshawasamehe. Nimeombwa na jamaa niandike jinsi Mola alivyoniokoa na maradhi ya jongo, na nimeona kunyamaza ni utovu wa shukrani. Kiswahili changu ni cha chuoni, nilichofundishwa na baba katika tafsiri na dua. Nyumbani tulisema Kikomoro, na mitaani Kimalagasi. Basi mkikuta neno limekaa vibaya, nivumilieni.

Mimi nimezaliwa Mahajanga, mji wa bandari katika nchi ya Wamalagasi, mtaa wa Mahabibo, katika nyumba ya bati iliyoegemea msikiti mdogo wa bati. Baba yangu ndiye aliyeuongoza msikiti ule. Kwetu mwalimu wa Kurani huitwa fundi, na baba aliitwa Fundi Mkubwa. Nami nilipohitimu nikaitwa Fundi Abudu, ingawa kwa baba nilibaki Abudu tu.

Ndugu zangu, nikifumba macho nauona ule ua! Pipa la maji ya udhu lenye kata ya kifuu. Majamvi yakianikwa Alhamisi ili Ijumaa yawe makavu. Baba amekaa barazani na sahani nyeupe, kalamu ya mwanzi, na zafarani aliyoiloweka katika maji ya waridi. Anaandika kombe. Kwa wasiolijua, kombe ni aya zilizoandikwa kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Baba alikuwa na utaratibu wake, hakuubadilisha: sahani moja kila asubuhi, siku saba, basi. Wamama walimjia na watoto wenye homa, mabaharia wakamjia na ndoto mbaya. Mimi ndiye niliyemsagia zafarani tangu utoto, na kwa mkono wake nilijifunza kuandika.

Na siku za sherehe! Katika mji wetu, ng'ombe wa nundu akichinjwa kwa ajili ya Maulidi au harusi, lazima mkono uwe wa Mwislamu, na mara nyingi mkono ulikuwa wangu. Mchinjaji alikuwa na haki yake isiyoguswa na mtu: maini na figo, vikabanikwa hapo hapo kwenye makaa, vikaletwa kwenye sinia na achari ya embe. Nilikuwa kijana, nilikula haki yangu yote, na ya mwenzangu akichelewa.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya sabini, yakatupata Wakomoro wa Mahajanga mambo ya damu ambayo leo siyasimulii. Jamaa wengi waliondoka, nyumba zikabaki na makufuli. Mke wangu Zalihata alikuwa na wajomba zake kisiwani Nosy Be, kijiji cha Marodoka karibu na Hell-Ville. Tukaenda huko na binti yetu Sitti. Baba alikataa katakata. Alisema, "Nikiondoka mimi, nani atafungua mlango alfajiri?" Tukamwacha na mlango wake.

Marodoka tulipokelewa vizuri. Nilifungua chuo, nikafundisha watoto. Upepo ukigeuka, harufu ya maua ya langilangi yanayokamuliwa mafuta iliingia mpaka darasani, na watoto wakasinzia juu ya alifu na be. Ilikuwa nchi nzuri kwetu.

Na huko ndiko jongo liliponikuta.

Niliamka alfajiri moja kidole gumba kimevimba, chekundu, kinang'aa kama tunda la tomondo. Ndugu zangu, sijui niyaeleze vipi maumivu yale! Zalihata alipita karibu na kitanda, na ule upepo wa kanga yake ukaniuma. Shuka sikulivumilia. Nilifikiri nimekanyaga mwiba wa samaki. Nikatafuta tundu la mwiba, sikuliona. Basi nikasema moyoni, hili si la mwiba, hili limetumwa. Nikaomba sahani na zafarani, nikajiandikia kombe mwenyewe.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, moto. Siku ya tano nikaweza kugusa chini. Siku ya saba nilitembea mpaka msikitini! Nilimshukuru Mungu, na sitasema leo kwamba nilikosea kumshukuru. Lakini nilichokuwa sijui ni hiki: jongo lenyewe, kabla halijakomaa, huja na kuondoka baada ya siku saba au zaidi kidogo, unywe kombe au unywe uji. Mimi nilihesabu saba, nikaona saba imefanya kazi. Likarudi baada ya miezi minane, nikaandika tena. Likarudi baada ya miezi mitano. Kila mara sahani saba. Mwaka wa tatu likaja la kidole na kifundo pamoja, na siku ya saba ikapita sijasimama.

Wakati huo ikafika barua ya baba. Hati yake ilikuwa inatetemeka. Aliandika kwamba wanaoswali wamebaki kumi na mmoja, kwamba sauti yake haifiki tena safu ya pili, na kwamba wenye kiwanja wameanza kuuliza kama jengo linatumika. "Njoo ushike mihirabu kabla mlango haujafungwa. Idi hii usalishe wewe, watu wakuone."

Nilisoma barua nikiwa nimeweka mguu juu ya mto.

Zalihata alinitazama akasema, "Baba Sitti, utakwenda kusalisha kwa mguu upi?"

"Mungu atafungua."

"Ameshafungua. Hospitali ya Hell-Ville inafunguliwa saa moja na nusu."

Mimi, mtu ninayeandikia wengine kombe, niende kupanga foleni na watu niliowaandikia! Niliona haya. Lakini nikimtazama Zalihata usoni huwa sibishani naye. Nikaenda, nimeshikwa bega na mjomba wake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka nchi ya milimani, Mkristo, anaitwa Daktari Voahangy. Alikitazama kidole bila kukigusa, na kwa hilo tu nikampenda. Akatoa damu, ikapimwa, akaniita tena. Alinieleza kwa Kimalagasi cha taratibu, kwa ajili yangu: "Mwalimu, umeona pale wanapokausha maji ya bahari? Maji yakizidi chumvi, chumvi hutulia chini, ikawa mawe madogo. Damu yako imezidi kitu kinachoitwa asidi ya yuriki. Imetulia ndani ya kiungo, ikawa vijiwe vikali kama sindano."

Akaniuliza chakula. Nikamtajia haki ya mchinjaji. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Maini na figo? Mwalimu, wewe umejilisha ugonjwa kwenye sinia!" Lakini akasema pia kwamba si chakula peke yake. Wako watu ambao figo zao hazitoi asidi ile inavyotakiwa, na mimi huenda ni mmoja wao, nisijilaumu mno.

Akanipa dawa ya kutuliza shambulio kwanza. Maumivu yalipokwisha nikarudi, akanipa vidonge vingine vyeupe vya alopurinoli, vya kushusha asidi, na akasema kwa kidole juu, "Kimoja kila siku. Miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kurudi. Usiache. Ukiona vipele mwilini, hapo acha na uje mbio. Ama sivyo, usiache."

Ndugu zangu, nilimsikia. Masikio yangu yalikuwa mazima. Lakini mtu husikia kwa masikio na kuhesabu kwa mazoea. Mimi tangu utoto nilijua dawa ni siku saba. Nikanywa vidonge saba kwa adabu zote, kwa Bismillahi, nimeelekea kibla. Siku ya saba sikuwa na maumivu hata chembe. Nikasema Alhamdulillahi, nikavifunga vilivyobaki katika leso, nikavitia ndani ya sanduku kama mtu anayetunza akiba.

Nikavuka kwa boti mpaka Ankify, upande wa bara, nikapanda gari la abiria, na baada ya siku za vumbi na mashimo nikafika Mahajanga, Ramadhani ikiwa katikati. Baba alikuwa amekonda. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umechelewa kidogo. Lakini umefika." Mimi nilipouona mlango ule wa bati, rangi ya kijani imebabuka, pipa lile lile, nililia bila aibu.

Mtaa ulifurahi. Kila futari niliitwa nyumba nyingine, na kila nyumba ilikumbuka: "Fundi Abudu! Mchinjaji wetu! Mleteeni maini yake!" Ningekataaje? Nilikula maini ya kukumbukwa. Yalikuwa na ladha ya ujana wangu, ndugu zangu, na ladha hiyo ni ngumu kukataa kuliko sukari.

Asubuhi ya Idi niliamka na kidole cha moto.

Sikumwambia mtu. Nilioga, nikavaa kanzu, nikaingiza mguu katika kiatu nikiuma pindo la mkono wa kanzu. Msikiti ulikuwa umejaa! Watu waliohamia mitaa ya mbali walirudi siku hiyo kuangalia kama kweli mtoto wa Fundi Mkubwa amekuja. Baba alisimama nyuma yangu, safu ya kwanza, mahali ambapo hakuwahi kusimama tangu nimjue.

Rakaa ya kwanza niliipita kwa kuegemea mguu wa kushoto. Ya pili vivyo hivyo. Nikakaa kwa Atahiyatu. Mnajua kikao chetu: mguu wa kulia husimamishwa, vidole vikakunjwa kuelekea kibla, na uzito wote wa kikao hukutana pale kwenye kidole gumba. Nikakikunja. Wallahi, niliona weupe! Na kabla sijajua, mdomo wangu ulikwisha kupiga kelele, mbele ya watu wote:

"Mama!"

Mwalimu wa Kurani, mtu mzima mwenye ndevu, ndani ya Swala ya Idi, anamwita mama yake! Neno la kibinadamu limetoka, Swala yangu imevunjika. Nyuma yangu nikasikia magoti yakilia, na pumzi ya mzee. Baba alipita ubavuni kwangu, akakaa mahali pangu, akaikamilisha Swala ya watu kwa ile sauti isiyofika safu ya pili. Siku ile ilifika, maana hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Mimi nilijiburura pembeni, karibu na viatu.

Baadaye walinibeba nyumbani. Njiani Mzee Soilihi, muuza kaa, mtu asiyeweza kuzuia ulimi hata mazikoni, alisema, "Nimeswali nyuma ya mafundi wengi, lakini fundi wa kumleta mama mihirabuni, huyu ni wa kwanza!" Watu wakacheka. Jina likanishika: Fundi Mama. Lakini halikuniuma kama nililosikia baadaye dirishani, mtu akimwambia mwenzake taratibu, "Basi huu msikiti hauna mtu tena."

Adhuhuri baba alikuja na godrogodro, ile keki yetu ya mchele na nazi, akaiweka karibu nami. Hakuila wala hakunilazimisha. Nikamwambia yote. Nikamwambia kombe limeshindwa, hospitali nayo imeshindwa, na kwamba labda Mungu hanitaki mahali pale.

Akauliza jambo moja tu. "Hivyo vidonge ulivinywa siku ngapi?"

"Saba."

"Nani alikuambia saba?"

Nikasema, "Dawa si siku saba, baba?"

Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa bweta lake la miwani, lile la ngozi nyeusi nililolijua tangu mdogo. Akanyanyua kitambaa cha kufutia vioo. Chini yake palikuwa na vidonge.

"Hivi ni vya shinikizo la damu," akasema. "Nameza kimoja kila siku tangu mama yako yu hai."

Nilishangaa nikasahau kidole! "Wewe, baba? Na kombe je?"

"Kombe naliandika mpaka leo. Najisomea ili moyo usimame imara. Kidonge nakimeza ili damu itulie. Vyote naviomba kwa Mmoja, sijaona vikigombana." Akalifunga lile bweta. "Saba ni hesabu yangu mimi, kwa sahani zangu. Vidonge ni vya yule daktari, na hesabu ni yake. Kila fundi na chuo chake. Wewe ulikwenda kwa fundi wa watu ukamsomea hesabu ya baba yako."

Nikainamisha kichwa. Naye akamalizia kwa neno ambalo nimelibeba mpaka uzeeni:

"Umekilinganisha kidonge na kombe. Ungekilinganisha na Swala. Swala uliswali siku saba ukaacha?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipookolewa! Kidole bado kilikuwa kinawaka, sikuwa nimemeza kitu, lakini fundo la kichwani lilikuwa limefunguka.

Kesho yake nilikwenda hospitali ya Mahajanga na karatasi ya Daktari Voahangy. Tabibu wa pale aliisoma, akalituliza shambulio kwanza, kisha akanirudisha kwenye kidonge cha kila siku, pamoja na kingine kidogo cha kunikinga miezi ya mwanzo. Nikamwandikia Zalihata aje na Sitti na mizigo yetu. Alipofika akafungua leso iliyofungwa vidonge vyangu vya akiba, akaviangalia, akasema, "Baba Sitti, hata kuku hatagi mayai akayaficha hivi."

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka mara moja. Mwezi wa pili kidole kikashtuka. Mwezi wa nne goti likavimba, nami usiku huo huo nikaazimia kuacha kila kitu. Zalihata aliniletea kidonge na kopo la maji, akasimama hapo. Alisimama mpaka nikameza. Maini na figo nikaviaga, na hilo lilikuwa gumu kwa watu kuliko kwangu, maana kila nyumba iliona nimewakataa wao. Ikabidi nitangaze baada ya Ijumaa moja: haki ya mchinjaji nimeisamehe, apewe Mzee Soilihi. Hakukataa! Maji nikanywa mengi. Damu ikapimwa kila baada ya muda, na kila mara tabibu aliitikia kwa kichwa zaidi kidogo kuliko mara iliyopita. Ramadhani ilipokuja nilimwuliza, akanihamishia kidonge baada ya futari, na maji niyanywe mpaka daku.

Mashambulio yakapungua, yakawa kama mgeni anayepita barabarani bila kubisha hodi. Kisha yakakoma.

Idi ya mwaka ule baba alinisukuma mbele tena. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia. Wengine, najua, walikuja kusikiliza kama nitamwita mama. Nilipofika Atahiyatu moyo ulinidunda hadi masikioni. Nikausimamisha mguu wa kulia. Nikakikunja kidole, polepole, kama mtu anayejaribu barafu ya sharubati kwa ncha ya ulimi.

Hakuna kitu. Hakuna kitu, ndugu zangu! Kidole tu, juu ya jamvi!

Nilisoma taratibu kuliko desturi, nisitake kuinuka. Nilipotoa salamu ya pili Mzee Soilihi hakungoja hata dua. "Fundi!" akaita kutoka safu ya tatu, "leo mama hukumwita?"

Watu wakaanza kucheka. Baba aliyekuwa nyuma yangu, mzee asiyefanya mzaha msikitini, akajibu mwenyewe kwa ile sauti iliyokwisha:

"Leo mwacheni apumzike."

Mama yangu alikuwa kaburini zaidi ya miaka kumi wakati huo. Kicheko kikageuka, wengine wakajifuta macho, na Mzee Soilihi akawa wa kwanza kusema amina. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kama msikiti una mtu.

Baba alifariki miaka michache baadaye, kitandani mwake, kando ya ukuta wa msikiti wake. Wenye kiwanja hawakutuuliza tena. Bati tumelibadilisha mara mbili, na mlango ni ule ule, rangi ya kijani juu ya kijani. Nosy Be nimekwenda mara moja tu tangu hapo, kumshukuru Daktari Voahangy, nikaambiwa amehamishwa mbali. Nilisimama kwenye baraza la hospitali, upepo ukageuka, ikaja ile harufu ya langilangi, nikamwombea dua kwa sauti, nikarudi.

Basi ewe ndugu unayesoma nami, uliyelala na shuka mbali na mguu wako, ukificha maumivu kwa kuogopa watu: amka uende. Mweleze tabibu kila kitu, hata maini. Akikupa dawa, muulize hesabu yake, usilete ya nyumbani kwenu. Na ukiona nafuu usivifunge katika leso. Aliyekuumba hakuona haya kukupa uponyaji kupitia mkono wa mwingine, wewe unaona haya ya nini kuupokea? Mtegemee Yeye, na umeze.

Bweta la miwani la baba ninalo mimi sasa. Kila jioni baada ya Magharibi nalifungua, nanyanyua kitambaa, nasema Bismillahi. Wajukuu huniuliza, "Bakoko, utameza mpaka lini?" Nawaambia: naswali mpaka lini?